Slokuka, chungu cha umeme cha moto mdogo: mwaka mzima jikoni kwangu, kinafaa wapi na kinakera wapi

Mwalimu wa Fuoni

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Uzi huu niliwaahidi tangu Mfunguo Mosi, uvivu tu ndio ulionichelewesha. Leo skuli zimefungwa, mvua inanyesha, sina pa kwenda, basi nauleta.

Dada yangu anakaa Leicester, Uingereza. Mwaka juzi alitia kwenye mzigo wa meli, katikati ya mablanketi na viatu vya watoto, kitu kama sufuria kubwa la umbo la yai, zito utadhani jiwe la kusagia. Slokuka. Mama alipokiona alikigonga kwa ukucha, akausikiliza mlio, akasema: "Hiki chungu. Wamekitia waya tu." Toka siku hiyo nyumbani kwetu kinaitwa chungu cha umeme, na mie humu nitakiita hivyo hivyo.

Kwa asiyekiona: nje kina ganda la bati, na nyaya zinazotoa moto zimezunguka ubavuni. Ndani ya ganda unakaa chungu chenyewe, udongo uliochomwa ukapakwa rangi inayong'aa, na juu yake kifuniko cha kioo. Swichi ni moja: moto wa chini, moto wa juu, na kuweka joto tu. Changu kimeandikwa wati 200. Pasi ya nguo inakula mara tano ya hizo.

Kitu nilichochelewa kukijua ni kwamba moto wa chini na wa juu huishia pahala pamoja, karibu na kuchemka. Tofauti ni muda wa kufika. Ule wa juu unataka masaa matatu manne, wa chini saba mpaka nane. Mwanzo nilidhani wa chini ni wa kukiacha chakula vuguvugu, nikawa naogopa kuutumia. Kumbe ndio wenye faida.

Sasa mazuri yake. Nyama ya ng'ombe wetu wa kienyeji mnaijua, ukiiharakisha inakushinda meno. Kongoro, mkia, mbavu, shingo, hizo ndizo kazi ya chungu hiki. Natia usiku nikenda kulala, na tangawizi, thomu, ndimu na pilipili manga, alfajiri naamka nyama inauacha mfupa kwa kijiko na supu ikipoa inaganda kama jeli. Ile jeli inatoka kwenye mishipa na ngozi ngumu, na haitoki kwa moto wa pupa.

Na boko boko! Hapa ndipo nilipokipenda. Ramadhani tunatoka tarawehe, naitia ngano niliyoiloweka tangu adhuhuri, nyama isiyo mafuta mengi, kijiti cha mdalasini, chumvi, maji. Nafunika. Saa kumi kasorobo nainuka kwa daku, nashika mwiko naponda dakika tano tu, namwagia samli na kitunguu cha kukaanga. Aliyewahi kuipika boko boko kwa kuni, akaisimamia isishike chini, anajua nimeepukana na nini.

Jengine ni joto la jikoni. Kaskazi ikipiga, kuwa na seredani ya makaa ndani ni adhabu, na ukiitoa uani una kazi ya kupigana na kunguru. Kunguru wa Unguja anafunua mfuniko, msinibishie, nimemuona kwa macho yangu. Chungu hiki kinakaa pembeni ya friji, kimya, hata ukuta hakiupashi.

Mabaya sasa, na mengine yameniuma.

Kwanza, hakikaushi. Mvuke unagonga kioo unarudi chini, maji uliyotia ndiyo utakayoyakuta, tena yamezidi kwa sababu nyama na vitunguu vinatoa yao. Mchuzi wangu wa mwanzo ulikuwa maji ya kuoshea mikono. Siku hizi natia nusu ya maji niliyoyazoea, na bado mara nyengine namalizia kwenye sufuria juu ya gesi ili nipate rojo.

Pili, wali na pilau sahauni. Nilijaribu mara moja ikawa mashendea. Hata kwa mgonjwa ningeona haya kuyapeleka.

Tatu, tui. Nilitia kasimile, lile tui zito la kwanza, mwanzo pamoja na kuku, masaa sita baadaye limekatika, mafuta yanaelea huku na maji kule. Samaki nao, changu na nguru, wamekuwa uji wenye miiba.

Nne ni kukaanga. Hakikaangi. Ukitaka kitunguu chekundu na tungule iliyoiva mpaka ikatoa mafuta, lazima uanze kwenye sufuria ndipo uhamishie humu. Basi vyombo vya kuosha vinakuwa viwili, na chungu chenyewe kizito. Wanaosema "unatumbukiza kila kitu unaondoka" hawajala chakula cha mtu wa Fuoni.

Na la tano ni umeme. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, nimetia boko boko ya watu kumi na moja. Saa kumi naamka, chungu baridi. Mtaa mzima unawaka taa. Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ndiyo iliyoniishia, saa ngapi sijui. Nyama imekaa vuguvugu masaa nisiyoyajua, nikaimwaga yote, huku wageni wameshakaa mkekani. Tulikula mkate wa jana na chai. Mume wangu mpaka leo akinunua uniti ananiuliza, "Hizi za boko boko au za kawaida?"

Karibuni, toeni yenu. Na wanaotaka kuniambia presha, lile sufuria la kufunga mvuke, ni bora, najua mtakuja.

Bachela wa Bububu

Waalaykum salaam dada. Suali langu moja tu: unakiwasha unakwenda zako skuli, nyumba haina mtu? Mie nakaa chumba cha kukodi, mwenye nyumba akisikia hivyo atanihamisha leo.

Mwalimu wa Fuoni

Natoka, lakini nimekiweka juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia, na waya wake umechomekwa ukutani moja kwa moja. Mama huwa yupo siku nyingi. Akisafiri kwenda Makunduchi napika usiku tu, nikiwa nimelala chumba cha pili. Kinalindwa na nani nikilala sijui, lakini roho inatulia.

Mama Seredani

Nimekuja, na presha yangu mkononi.

Mwanangu, hivyo vitu vya kusubiri masaa manane ni vya watu wasio na njaa. Presha ya umeme inaivisha maharage ndani ya saa moja, na umeme haiuli vile unavyodhani. Imeandikwa wati 1000, lakini ikishapanda inajizima, inawaka kidogo, inajizima tena. Hicho chungu chako kinakula kidogo kidogo usiku kucha kama panya kwenye gunia la mchele. Wati 200 kwa masaa manane ni uniti moja na pointi sita. Presha ya maharage haifiki hapo hata kidogo. Piga hesabu wewe mwalimu.

La pili, nyie mmezoea umeme kama mlizaliwa nao mfukoni. Sisi tuliuona ule mwezi mzima wa 2008, Mei kwenda Juni, Unguja nzima giza kwa sababu waya wa baharini ulipata hitilafu. Tukadhani yamekwisha. Disemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Friza zilinuka, watu wakila nyama mbio mbio kabla haijaoza, na aliyekuwa na seredani na gunia la makaa ndiye aliyekuwa tajiri wa mtaa. Sawa, 2013 umeletwa waya mwengine mkubwa zaidi, siku hizi si kama zamani. Lakini seredani yangu siigawi.

Na ladha je? Pilau ikapaliwa makaa juu ya mfuniko, moto chini moto juu, kile kiukoko kikashika... chungu chako kitakipata wapi?

Mpemba wa Konde

Mama Seredani unanitia njaa na ni saa nne asubuhi.

Fundi Waya

Nitaingia kwa upande wangu, mie kazi yangu kutengeneza hivi vitu.

Kwanza mwalimu kafanya vizuri kukichomeka ukutani. Ninavyoletewa vimeungua, wengi ukiwauliza wamekichomeka kwenye ekstensheni ya bei rahisi pamoja na friji na feni, na plagi imelegea. Chungu chenyewe hakivuti umeme mwingi, lakini kinavuta masaa manane mfululizo. Plagi iliyolegea kwa dakika tano hutaiona inafanya nini. Kwa masaa manane inayeyuka. Ishike kwa mkono baada ya saa moja. Ikiwa ya moto, zima, mwite fundi.

Pili, angalia maandishi chini ya ganda kabla hujachomeka. Vya Uingereza na Dubai vinakuja na plagi ya miguu mitatu na volti zetu, 230, havina taabu. Taabu ni vya Marekani. Wao wanatumia volti 120. Kijana mmoja kaletewa na ami yake kutoka huko, akanunua adapta ya plagi tu akadhani kamaliza. Adapta inabadilisha umbo la miguu, volti haizigusi. Kifaa cha moto cha wati 200 cha volti 120 ukikitia kwenye 230 kinavuta karibu wati 735. Aliniambia "fundi, kilipika haraka sana halafu kikatoa moshi." Ni kweli, kilipika haraka.

Tatu, hili watu hawalijui kabisa, na nyie wa shamba linawahusu zaidi. Kuna pahala jioni umeme unakuja mdogo, taa zinafifia. Volti zikishuka mpaka 180, wati 200 zako zinabaki kama 122, kwa sababu nguvu haipungui sawa na volti, inapungua zaidi. Sufuria juu ya jiko utaona tu kwamba halichemki, utasubiri. Chungu hiki hukiangalii, umelala. Kinaweza kukaa usiku mzima hakijafika moto unaotakiwa.

Kukijaribu ni rahisi. Tia maji ya kawaida nusu ya chungu, funika, washa moto wa chini masaa manane, usifunue hata mara moja. Halafu funua upime haraka kwa kipimajoto cha jikoni. Yakiwa 85 kwenda juu, kizima. Yakiwa chini ya hapo, kifanye cha kupandia maua.

Bachela wa Bububu

Fundi kijana wa adapta si mimi.

Fundi Waya

Sikutaja mtu.

Kasimile

Mie nimekuja kulitetea tui, maana jina langu limetajwa vibaya hapo juu.

Shoga, tui halitiwi mwanzo hata kwenye sufuria la kawaida, seuze humo! Kuna mama anayetia tui la mwanzo halafu akaliacha lichemke masaa sita? Kuna nazi iliyokukosea? Fanya hivi. Ikune nazi yako, kamua kasimile uiweke kando kwenye friji. Kamua tui la pili, lile jepesi, hilo ndilo utumie badala ya maji, na usijaze. Chakula kikishaiva, nusu saa ya mwisho, tia kasimile, koroga taratibu, acha mfuniko wazi kidogo kwa kijiti cha mwiko. Halitakatika, na ule umaji maji utapungua kwa sababu mvuke umepata njia.

Na samaki ni kweli hafai, ila pweza anafaa kuliko kitu chochote mlichokitaja. Pweza amejaa mishipa ile ile ya kongoro. Mpige kama kawaida, msafishe, mkatekate, mtie bila tone la maji. Narudia, bila tone la maji. Atatoa yake mwenyewe, utadhani umemtilia kikombe. Kitunguu, thomu, tangawizi, pilipili nzima usiipasue. Moto wa juu masaa matatu, umguse kwa uma. Halafu ndio bizari, kasimile na ndimu. Mimi nauza chakula karibu na forodha, na tangu nianze hivyo wateja hawaniulizi tena "leo pweza mlaini?"

Mpemba wa Konde

Huku kwetu Pemba mke wangu anacho, alikinunua mtumba Unguja akapanda nacho boti kakipakata kama mtoto mchanga.

Mie nataka kusema juu ya viungo, kwa sababu mtu wa karafuu lazima aseme. Kwenye sufuria harufu inatoka na mvuke, nyumba nzima inanukia na jirani anapata sehemu yake. Humu harufu imefungwa, inarudi kwenye nyama. Mke wangu siku ya mwanzo katia karafuu sita kama alivyozoea kwenye pilau ya watu wengi. Baada ya masaa manane ule mchuzi ukiutia mdomoni ulimi unalala. Ile ni dawa ya jino, si kitoweo. Mama yangu alikunywa supu akaniambia "alhamdulillah, gego langu limenyamaza."

Sasa tunatia karafuu mbili, mdalasini kipande cha kidole, hiliki tatu, basi. Uzile na bizari ya kusaga hatutii mwanzo, tunatia mwisho mwisho, la sivyo zinakuwa na uchungu uchungu na harufu imekufa. Na chumvi kidogo, uonje mwisho.

Habari ya umeme, msitutishe na miezi yenu mitatu. Sisi kabla ya 2010, kabla ya kuletewa waya wa baharini kutoka Tanga, tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Kungekuwa na chungu hiki wakati ule, boko boko ingeiva kwa awamu.

Mama Seredani

Nimecheka peke yangu mpaka mjukuu kaja kuniangalia.

Daktari wa Sahani

Jina lisikutisheni, si daktari wa hospitali, nimesomea mambo ya usalama wa chakula. Nina mawili, na la kwanza naomba mlichukue kwa uzito.

Maharage mekundu, yale makubwa yenye umbo la figo. Yana sumu yake ya asili ambayo moto wa kuchemka hasa ndio unaoivunja. Kwenye sufuria au presha hamuijui kwa sababu yanachemka kwa nguvu tangu mwanzo. Kwenye chungu cha moto mdogo yanaweza kukaa masaa kwenye joto lisilofika kuchemka, yakalainika mkadhani yameiva, na sumu ipo. Na joto hilo la katikati linaweza kuizidisha sumu badala ya kuiondoa. Mtu anakula, baada ya saa moja mpaka tatu anatapika, halafu tumbo linamwendesha. Punje chache tu zinatosha kumuumiza mtu.

Dawa yake: loweka masaa matano au usiku mzima, mwaga maji yale, tia mapya, chemsha kwenye sufuria kwa nguvu dakika kumi kwa uchache. Mie nayapa thelathini, sina haraka. Baada ya hapo ndipo uyahamishie kwenye chungu cha umeme. Mbaazi, kunde na choroko hazina tatizo la kiasi hicho.

La pili ni hilo la boko boko iliyomwagwa. Mwalimu ulifanya sawa, na najua watu wangapi wangeichemsha upya wakala. Vijidudu vinastawi kati ya nyuzi 5 na 60. Vyengine vinaacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Ukiwa macho na umeme ukakatika, hamishia kwenye gesi au seredani mara moja, chakula kimeokoka. Ukiwa umelala au umetoka na hujui kimekaa muda gani, mwaga. Inauma, lakini mwaga.

Kwa sababu hiyo hiyo nyama iliyoganda usiitie moja kwa moja kutoka friza. Iyeyushe kwanza kwenye friji. Nyama ikiwa jiwe la barafu, chungu hiki kinachukua masaa kuitoa kwenye joto la hatari. Na kiporo usikipashie humu, kipashe kwenye sufuria mpaka kichemke.

Bachela wa Bububu

Daktari, mie jana nimeloweka maharage mekundu nikopeshewe chungu cha dada yangu leo usiku. Kwa hiyo nimenusurika kwa uzi huu?

Daktari wa Sahani

Chemsha kwanza mwanangu. Halafu tupe habari kesho.

Bachela wa Bububu

Na ile kufunua funua? Kila nikipita nachungulia.

Mwalimu wa Fuoni

Usichungulie! Kila ukifunua joto linatoka lote, na moto wenyewe mdogo, unahitaji kama nusu saa kurudi ulipokuwa. Mama alikuwa hivyo hivyo, anapita anafunua, ananusa, anasema "bado." Ilikuwa bado kwa sababu yake. Kile kioo kimewekwa makusudi uangalie kwa macho.

Na kwa habari ya umeme, nimepata hila moja. Nina redio ya mezani yenye saa. Umeme ukikatika inasahau saa, ukirudi inaanza kuhesabu upya huku inawaka na kuzima. Naichomeka swichi ya pembeni. Nikiamka nikaikuta inaonesha saa sahihi, nakula kwa raha.

Mzee wa Makunguni

Nyie mnabishana nani kamzidi nani, na kitu chenyewe kimetoka kwenye chungu cha bibi wa mtu.

Aliyekibuni ni Mmarekani, Irving Naxon. Aliomba hataza 1936, akapewa 1940. Wazo alilipata kwenye hadithi aliyosimuliwa na mama yake, jinsi watu wao Mayahudi wa Lithuania walivyokuwa wakipika siku ya Ijumaa nyama na maharage na shayiri. Sabato ikiingia hawaruhusiwi kuwasha moto, basi chungu hupelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate, moto umezimwa lakini tanuri bado la moto, kinalala humo mpaka kesho. Yeye akaona afanye hivyo kwa waya. Kampuni iitwayo Rival ilinunua biashara yake 1970, na mwaka uliofuata kikauzwa kwa jina la Crock-Pot, ndipo Wamarekani wakakipenda, wanawake wengi walikuwa wameanza kutoka kwenda makazini.

Bibi yangu hapa Mjini hakujua hayo, lakini usiku alikuwa anafukia makaa ndani ya jivu, juu yake chungu cha kunde, mfuniko wa udongo, na jiwe kwa ajili ya paka. Asubuhi kunde hizo na chai. Kwa hiyo bibi wa Lithuania na bibi wa Unguja wamekutana njiani.

Kasimile

Jiwe kwa ajili ya paka, ahsante mzee. Humu hata paka tumewasahau. Kioo cha chungu hiki paka anakisukuma?

Mwalimu wa Fuoni

Kizito, na cha moto. Alijaribu mara moja.

Mama Seredani

Haya, nimekaa na kalamu. Gesi sijaitia, hiyo hesabu yake nyengine. Kongoro kwenye seredani masaa matano, mie natumia kikopo na nusu cha makaa, tena mvua hizi makaa yamelowa na bei imepanda. Uniti moja na pointi sita ni rahisi kuliko kikopo na nusu. Hilo nakupa mwalimu. Lakini kwa maharage presha yangu imekupiga, na hilo nipe.

Kuku je? Hujasema kuku.

Mwalimu wa Fuoni

Nimekupa ya maharage, bi mkubwa.

Kuku wa kienyeji, hasa jogoo mzee, ndiyo. Masaa sita moto wa chini, analainika bila kupukutika. Kuku wa kisasa hapana, masaa matatu tu keshakuwa nyuzi nyuzi. Mbatata ukizitia, zikae chini kabisa na ubavuni ambako moto unatoka, nyama juu. Huwezi kuamini, lakini mbatata na karoti humu zinachelewa kuiva kuliko nyama. Na usijaze mpaka ukingoni wala usitie kidogo mno. Nusu mpaka theluthi mbili ndiyo saizi yake. Kwa hiyo kwa nyumba ya watu wawili chungu kikubwa ni hasara.

Bachela wa Bububu

Taarifa: nimechemsha dakika thelathini, nimetia chunguni saa tatu usiku, nimeamka salama, maharage mazuri sana. Nimetia kasimile mwisho kama alivyosema shangazi. Tumbo limetulia. Mwenye nyumba kaonja, sasa anataka kujua kinauzwa wapi.

Fundi Waya

Mwambie aangalie volti.

Mwalimu wa Fuoni

Nimerudi baada ya wiki na habari mbaya.

Jana mpwa wangu, mtoto mwema kabisa, kataka kunisaidia. Kakitoa chungu kimetoka motoni sasa hivi, kakiweka chini ya bomba la maji baridi. Ta! Ufa kutoka ukingoni mpaka chini. Analia yeye, nalia mie. Udongo hauhimili mabadiliko ya ghafla, na mie mwenyewe nilikuwa nawaambia kila siku kiacheni kipoe, ila siku hiyo sikuwepo.

Ganda lake zima, nyaya zake zima. Mama kajaribu kutia chungu chetu cha udongo cha hapa hapa ndani ya ganda, kikakwama nusu njia, kimetuna tumbo. Kile chenye ufa kakitoa uani, kuku wanakinywea maji, na hakivuji mradi kisijazwe.

Dada wa Leicester anasema huko wanauza chungu pekee bila ganda lakini mzigo ujao wa meli ni baada ya miezi. Kwa hiyo nauliza: nani ana ganda lililokufa na chungu kizima? Changu lita tatu na nusu.

Fundi Waya

Ninacho mwalimu. Kile cha volti 120, chungu chake hakina hata mchubuko. Lakini ni cha duara.

Mwalimu wa Fuoni

Changu umbo la yai.

Fundi Waya

Basi kaa nacho kwanza, uniletee kipimo cha ganda. Nitauliza na wenzangu wa Mlandege.